Mjomba Agapiti na Joto Lililobaki Mbele

Tulimzika mjomba wangu Agapiti huko Mngeta, kijijini alikozaliwa, mvua ikinyesha. Kanisani nilipewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya ukoo, nikasema yale yanayosemwa: alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, dereva mwangalifu. Kisha nikakaa. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, lakini jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya sikulitaja, kwa sababu alikuwa ameniomba nisilitaje. Sasa nimepewa ruhusa na mtu anayehusika nalo kuliko wote. Mtamjua huko mbele.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, naye ndiye aliyekuja kunichukua na kunipeleka nyumbani kwake Mlabani, hapa Ifakara. Mke wake, shangazi Natalia, alikuwa ametangulia mbele ya haki bila kumwachia mtoto. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mjane na yatima, kila mmoja akijifunza kwa mwenzake. Siku moja alinisuka nywele mwenyewe. Nilikwenda shule na kichwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe pori. Walimu walicheka, na mimi niliporudi nikamwambia walisema nimependeza. Alifurahi mpaka jirani akamwonea huruma, akashindwa kumwambia ukweli.

Aliendesha trekta ujanani, halafu lori la mpunga kutoka Mlimba. Mwishowe akaajiriwa na masista wanaohudumia zahanati za bondeni. Hakuwa mtu wa kutundika vitu kwenye kioo. Rozari yake ilikaa mfuko wa shati. "Mungu ananiona hata nisipojizibia barabara," alisema. Vioo alivisafisha kwa gazeti kila asubuhi, kabla hata ya chai.

Masista walipoletewa gari la umeme na marafiki zao wa ng'ambo, gari lililotumika katika nchi ya baridi, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Lilikuwa jeupe, lenye viti vya kutosha familia, na halikuwa na mlio. Mtaani kwetu habari zilienea kwamba lina hita.

Rafiki yake Eustaki, fundi pikipiki, alimsubiri barabarani.

"Agapiti, wee! Hita, Ifakara hii? Kwani mnaoka mikate humo ndani?"

"Tutaanza na wewe," Mjomba akamjibu. "Wewe bado mbichi."

Masika ya kwanza lilimwaibisha. Alikuwa ameweka ubaridi mkali kwa sababu ya joto la mchana, mara kioo cha mbele kikawa cheupe. Akasimama mbele ya gereji ya Eustaki, akatoa kitambaa, akafuta. Akafuta tena. Kioo kilibaki vilevile. Eustaki akaja, akapitisha kidole chake upande wa nje, mstari ukaonekana.

"Ukungu uko huku nje, ndugu yangu. Wewe unafuta dirisha la jirani!"

Alilichekea tukio hilo mwenyewe kwa miaka. Lakini lilimfanya ajifunze. Fundi wa masista alimweleza, naye akaja kunieleza mimi, maana asingeweza kuelewa jambo akanyamaza. Jumapili moja baada ya misa alinipeleka dukani tulikokuwa tunanunua soda, akaushika mkono wangu akaupeleka nyuma ya friji.

"Unaona moto huo? Umetoka ndani, kwenye soda. Friji halitengenezi baridi, mpwa wangu. Linahamisha joto. Sasa gari letu ni friji linaloweza kugeuzwa. Likigeuzwa, linachukua joto la nje, hata liwe dogo, linaliingiza ndani. Ndiyo maana halimalizi betri."

"Na ukungu?"

"Ukungu ni pumzi zetu. Tunapumua, pumzi inakwenda kulala kwenye kioo cha baridi. Mashine inaivuta hewa, inaikamua maji kama unavyokamua nguo, halafu inaipasha na kuirudisha kavu. Kioo kinaanikwa."

Nikamwambia angekuwa mwalimu. Akasema mwalimu haruhusiwi kulala mchana.

Niliolewa Mngeta. Mume wangu Evarist alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, akija nyumbani anapopata ruhusa. Mimi niliishi na mama yake, Mama Paskazia. Watu huogopa mama wakwe. Mimi nilipata mama. Alikuwa na maneno machache na mikono myepesi. Ujanani alizika watoto wake wawili wachanga, na wote wawili, alivyoamini yeye, walichukuliwa na upepo. Kwa hiyo nyumbani kwake mzazi hakai mlangoni, mtoto mchanga hapitishwi uani jioni, na dirisha la chumba cha uzazi huzibwa nguo. Sikuona ubaya. Kila nyumba ina woga wake.

Mimba yangu ya kwanza haikufika. Uchungu ulinishika ikiwa miezi saba, katikati ya masika. Nilijifungulia zahanati, mtoto wa kike, mdogo hata nilipowekewa kifuani nilifikiri wameniwekea kitambaa tu. Nesi alimfunga ngozi kwa ngozi na mimi, akatufunika.

"Aende Ifakara sasa hivi," alisema. "Na asipoe. Njiti hana mafuta ya kumtia joto. Akipoa, tutampoteza."

Mjomba alikuwa pale. Alikuja jana yake kuleta dawa, akalala akilichaji gari kwa umeme wa zahanati. Aliposikia neno la nesi, niliona uso wake ukifunguka. Gari lililochekwa na bonde zima kwa kuwa na hita, na leo ndiyo siku yake.

"Joto ninalo," alisema. "Nesi, joto ninalo mpaka Ifakara na kurudi."

Alilileta mlangoni mbiombio, akawasha joto, akashuka kupakia begi na chupa ya chai. Mimi niliingizwa nyuma na Mama Paskazia akakaa kando yangu. Magari yale, mashine inapowashwa, hutoa kwanza hewa ya baridi kabla haijapata moto. Kuna tundu la hewa katikati ya viti viwili vya mbele, linaloelekea nyuma, na mengine chini ya viti. Hewa ile ya kwanza ilimgonga Mama Paskazia kwenye miguu.

Aliivua khanga yake ya kijani yenye korosho kubwa, akaipasua vipande viwili, akaziba la katikati kwa kimoja na ya chini kwa kingine. Alikandamiza vizuri, kama anavyoziba dirisha. Kisha akachukua kitenge, akakifunga juu kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, kikawa pazia kati yetu na dereva. Kwetu mwanaume haangalii mzazi aliyejifungua muda uleule, seuze mjomba wake. Mjomba aliporudi akakuta pazia, alilielewa, akageuza hata kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kikaangalia paa. Hakuuliza. Ilikuwa heshima, na yeye alikuwa mtu wa heshima.

Tukaondoka. Mvua ilikuwa nzito, milima ya Udzungwa haionekani. Mimi nilikuwa nimepoteza damu, nikawa nalala na kuamka, nalala na kuamka. Nakumbuka sauti yake kupitia kitenge.

"Mama, joto linafika huko?"

"Tunashukuru, baba. Tuko salama."

Baada ya muda tena: "Mama, niongeze?"

"Tuko salama, baba. Wewe angalia njia."

Na yeye akaongeza. Baadaye aliniambia kwamba kule mbele ilikuwa kama tanuri. Jasho lilimtiririka mpaka machoni, shati likamganda mgongoni, na kioo chake kilikuwa safi kama kimeoshwa. Aliona fahari. Aliimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya chini. Alihesabu kila tone la jasho lake kuwa ni joto la mtoto.

Mama Paskazia hakudanganya. Mkwe akikuuliza kama uko salama, unamjibu uko salama. Hata ungekuwa umekaa juu ya siafu. Na yeye aliona baridi ni ya mvua, akazidi kutufunika kwa alichokuwa nacho. Lakini nguo tulizofunikwa zilikuwa na unyevu wa mvua tuliyopita nayo mlangoni, na nyuma ya pazia hewa ilikuwa imekufa, haiendi wala hairudi.

Tulipokwisha kukipita kijiji cha Mbingu, Mjomba alikitazama kioo cha pembeni ili apishane na lori. Ndani ya kioo kile aliliona dirisha letu la nyuma. Lilikuwa jeupe kama mtindi. La kwake lilikuwa kavu. Alijua maana yake pale pale, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha dukani: kama hewa kavu ya moto ingekuwa inatufikia, pumzi zetu zisingelala kwenye kioo.

Gari likasimama.

"Mama, naomba radhi. Naomba pazia litoke."

"Baba, mzazi yuko hapa."

"Najua, mama. Nitamwangalia mtoto tu. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Mama Paskazia akavuta kitenge. Joto la mbele lilitupiga usoni kama chungu kilichofunuliwa. Naye akamwona Mjomba, amelowa jasho, shingo inang'aa.

"Wewe unatoka jasho," akasema polepole, "na mtoto anaganda?"

Mjomba alinyoosha mkono akagusa mguu wa mwanangu chini ya nguo. Ulikuwa baridi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na pumzi zilikuja, zikasita, zikaja. Mjomba alinitazama.

"Aneth, ana jina?"

"Agnella," nikasema. Lilikuwa jina la mama yangu, dada yake.

Maji ya kumbatizia hatukuwa nayo, chupa ilikuwa ya chai. Nje maji yalikuwa yanamwagika kutoka mbinguni, lakini kufungua mlango kungetoa lile joto dogo lililokuwa limeanza kutufikia. Mjomba alijipinda juu ya kiti chake, akaweka kiganja kwenye kioo kilichokuwa karibu na kichwa changu, akakikokota chini taratibu. Maji yaliyokuwa yamelala pale yakakusanyika mkononi mwake. Alirudia, mpaka yakatosha kutiririka.

"Agnella, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Yalipita kwenye kipaji chake cha uso yakaishia kifuani kwangu. Baadaye padri alituambia maji ni maji, ubatizo ulikuwa halali. Mimi nafikiria kila siku kwamba yalikuwa pumzi zetu. Za kwangu, za bibi yake, na za kwake mwenyewe, zile chache.

Mama Paskazia alikuwa amefumba macho akisali. Mjomba alipokuwa akirudi kukaa, mkono wake ulipita katikati ya viti na kukuta kitambaa. Alikivuta. Kilitoka kirefu, cha kijani. Akainama, akavuta cha pili kutoka chini ya viti. Hapo hapo hewa ya moto ikanipiga magotini. Aliviangalia vile vipande vya khanga. Akamwangalia Mama Paskazia, ambaye bado alikuwa amefumba macho. Kisha akaniangalia mimi, akaviingiza ndani ya shati lake, kwenye ngozi, akaondoa gari.

Tulifika Ifakara mtoto akipumua. Hospitali walifanya yote. Agnella alikaa nasi siku ile na usiku wake, na kulipopambazuka Bwana akamtwaa. Daktari alisema mapafu yalikuwa bado hayajakomaa, na baridi ya njiani iliongeza. Niliuliza iliongeza kiasi gani. Akasema hilo hakuna anayeweza kulipima.

Msibani Mama Paskazia alimuuliza mbele ya watu wote.

"Kule mbele kulikuwa na moto. Nyuma je? Mashine yako iliharibika?"

Mjomba alikuwa amevua kofia. Alimjibu bila kusitasita.

"Iliharibika, mama. Upande wa nyuma. Ningepaswa kuikagua. Nisamehe."

Mtu aliyesafisha vioo kabla ya chai! Nilitaka kusimama niseme, nikabaki nimekaa. Jioni alinifuata uani. Ile khanga alikuwa ameifua, akaishona kipande na kipande kwa mkono wake, mishono mikubwa ya kiume, akaipiga pasi.

"Mpe mama yako. Mwambie vipande niliviokota sakafuni mwa gari, vilikuwa vimeanguka tangu mwanzo."

"Mjomba, kwa nini usimwambie ukweli?"

"Amezika wawili, na huyu ni wa tatu. Unataka nimwambie huyu wa tatu alimzibia joto kwa mkono wake? Aneth, yule mama hatalala tena. Mimi mabega ninayo. Na gari halina roho, acha nalo libebe."

"Lakini si kweli."

"Naungama uongo huo kila mwezi," akasema. "Padri ananisamehe, nikitoka nje naurudia. Mungu ataamua mwenyewe."

Tangu siku ile Mama Paskazia hakumwitikia tena. Wanaojua kwetu wanaelewa uzito wake. Mjomba alikuja Mngeta kwa kazi, akasimama uani, akainama: "Shikamoo, mama." Mama akaendelea kupepeta mchele. Akija tena: "Shikamoo, mama." Mama anaingia ndani. Krismasi, Pasaka, shikamoo zake zilianguka kwenye vumbi, naye hakuacha hata moja. Kule vijijini wakaliita gari lake jeneza la friji. Eustaki alikuwa mtani wake wa miaka yote, lakini jambo hilo hakulitania kamwe. Siku moja tu alimwambia, "Ndugu yangu, mimi ninajua unavyotunza mashine." Mjomba akamwomba abadilishe mazungumzo.

Aliwabeba wazazi wengine baadaye, na njiti wengine. Pazia hakuruhusu tena. Alivaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi na kuapa kwamba haangalii nyuma. Na alikuwa na maneno yaleyale kwa kila aliyekaa kiti cha nyuma: "Msiniambie mko salama. Wekeni mkono kwenye tundu, mniambie ni moto au ni baridi." Wapo watoto wanaokimbia leo Mchombe na Mlimba kwa sababu ya maneno hayo. Kila alipomfikisha mmoja hai, alinipigia simu. Alisema tu, "Amefika ana moto," kisha akakata simu.

Kiharusi kilimwangusha akiwa anasafisha kioo. Hakupata kusema tena. Tulikuwa naye mpaka mwisho, na rozari yake mkononi.

Mama Paskazia alikuja Ifakara kwenye msiba kwa ajili yangu. Alisema hivyo waziwazi: "Nimemfuata mkwe wangu, sikumfuata marehemu." Siku ya kumpeleka Mngeta, mwili ulitangulia kwa lori, na sisi wanawake wa ndani tukapanda gari la masista, likiendeshwa na Nassib, kijana aliyefundishwa kazi na Mjomba. Sikuwa nimewahi kulipanda tena tangu siku ile. Mama naye hakuwahi. Tulikaa viti vilevile, bila kupanga.

Mvua ilituanzia njiani. Tulikuwa tumelowa, tumejaa, tunalia. Vioo vikawa vyeupe.

"Samahanini, mama zangu," Nassib alisema. "Naweka joto, vioo vikauke. Itaanza baridi kidogo, halafu moto. Mzee alinifundisha nitangulie kuwaambia."

Hewa ya baridi ilitoka katikati ya viti ikamgonga Mama Paskazia miguuni. Nilimwona anasogeza mguu. Nilimwona anaivuta khanga begani, anainama, mkono umeshafika kwenye tundu. Hapo hewa ikageuka.

Mkono wake ulibaki palepale. Aliufungua, akauweka kiganja wazi mbele ya lile tundu.

"Nassib, baba. Hili lilitengenezwa lini?"

"Lipi, mama?"

"Hili la nyuma. Lililoharibika."

"Halijawahi kuharibika, mama. Gari hili mashine yake ni ileile tangu lije."

Kioo cha upande wetu kilianza kusafika kutokea chini, mashamba ya mpunga yakaonekana, yamejaa maji.

"Aneth. Khanga yangu ya kijani. Kweli ilikuwa imeanguka sakafuni?"

Nilifungua mdomo. Nilimfikiria Mjomba na mabega yake, nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana. Nililia. Hakuuliza tena. Alikaa ameinama hivyo, kiganja kwenye lile joto, mpaka Mngeta.

Makaburini alisubiri watu wote waweke udongo. Kisha akasogea, mzee wa umri ule, akishikiliwa na mimi upande mmoja. Watu walidhani anataka kusali. Alichuchumaa kwenye tope, mdomo karibu na lile tuta jipya kama anayesema na mtu aliyelala.

"Marahaba, baba," alisema.

Akatega sikio.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Aliendelea. Mvua ilimnyeshea, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Mimi nilielewa alikuwa anazilipa zote, moja moja, tangu ya kwanza.